Mzimu Ndani ya Begi la Shule

Mpwa wangu ana tabia ya kunichagulia vitabu. Anasoma yeye kwanza, ananipa kile anachoona kitanifaa, halafu ananiandama kwa ujumbe wa sauti mpaka nimalize. Aliponiletea *Anya's Ghost* nilikigeuzageuza, nikamwambia mimi na mizimu hatupatani, tena hiki chenyewe ni cha katuni. Akasema, "Anko, huyu dada ana mdomo. Soma kurasa kumi tu, ukichoka nirudishie."

Nilisoma kumi, nikaendelea, na kesho yake nilikwenda kazini na macho mekundu.

Ni riwaya ya katuni ya Vera Brosgol, ilitoka Marekani mwaka 2011, na mwaka 2012 ikapata Tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya vitabu vya katuni huko Marekani, katika kundi la vitabu vya vijana wa miaka 12 hadi 17. Habari ya tuzo niliijua baadaye, na ni afadhali. Kitabu kikishapigiwa makofi kabla sijakifungua, nakisoma kwa roho ya ubishi.

Basi, Anya. Jina lake la ukoo ni Borzakovskaya. Familia yake ilihama kutoka Urusi akiwa mdogo, sasa wako Marekani, na yeye anasoma shule ya kulipia ambako anaona kila mtu ni mwembamba kuliko yeye, ana pesa kuliko yeye, na amezaliwa akijua mambo ambayo yeye amelazimika kuyakariri. Lafudhi ameifuta kwa juhudi zake mwenyewe. Anavuta sigara pembeni na Siobhan, rafiki yake pekee, ambaye urafiki wao kwa asilimia kubwa ni kutukanana. Asubuhi mama yake anamkaangia syrniki, vile vitumbua vya jibini vya Kirusi, na Anya anaviangalia kama mafuta matupu yanayomngoja yakae kiunoni. Kuna na mdogo wake wa kiume, Sasha. Na kuna Sean, mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye Anya anamtazama kwa mbali huku akijua fika kwamba Sean ana Elizabeth, na kwamba Elizabeth ana kila kitu.

Mpwa wangu alikuwa na haki kuhusu mdomo. Anya si yule msichana mpweke mpole wa hadithi nyingi, anayeonewa huku ana moyo wa dhahabu ambao dunia haijauona. Ana kinyongo. Anadanganya. Anamjibu mama yake vibaya. Akikasirika anajua pa kumchoma mtu. Nilimpenda ukurasa uleule wa mwanzo, kwa sababu nimechoka na wapweke watakatifu.

Siku moja anagombana na Siobhan, anaondoka kwa hasira, anakatisha njia ya vichakani na kutumbukia kwenye kisima cha zamani. Kule chini kuna mifupa ya mtu. Na mifupa ina mwenyewe.

Kuanzia hapa natoboa siri za hadithi, ila mwisho nitauacha. Kama unataka kukisoma ukiwa huna unalolijua, ishia hapa, mimi sitajisikia vibaya.

Mwenye mifupa anaitwa Emily. Alikufa miaka 90 iliyopita. Anavyosimulia, wazazi wake waliuawa, yeye akakimbia usiku, akaanguka humo kisimani. Na mchumba wake alikuwa askari aliyekufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadithi inayomfanya msikilizaji ainamishe kichwa. Ni mzimu mpole, mdogo, anaomba radhi kwa kuwepo kwake. Anya anaokolewa, anarudi nyumbani, mambo yameisha. Kumbe kimfupa kimoja cha kidole kimeingia kwenye begi lake.

Hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Emily ana masharti: hawezi kwenda mbali na mifupa yake. Pale ulipo mfupa ndipo alipo yeye. Maana yake ni kwamba safari ya kwanza, kutoka kisimani hadi nyumbani, ilikuwa bahati mbaya. Zote zilizofuata, Anya alibeba mwenyewe. Angeweza kuutupa mfupa ule dirishani siku ya pili na kitabu kingekuwa kijarida. Hautupi, kwa sababu Emily ameshaanza kumfaa: kwenye mtihani anazunguka madawati ya wenzake na kurudi na majibu. Anajua Sean yuko wapi saa ngapi. Anamshauri avae nini. Na kuliko hayo yote, anasikiliza. Msichana ambaye hakuna anayemuuliza habari za siku yake amepata mtu ambaye hana kazi nyingine duniani ila kutaka kuzijua.

Kwenye vitabu vya mizimu huwa nasubiri swali la "kwa nini hawahami ile nyumba?" Watu wanasikia nyayo darini, wanaona damu bombani, wanapika chakula cha jioni. Hapa swali lina jibu. Hahami kwa sababu kwa mara ya kwanza mambo yanamwendea. Ningekuwa na miaka kumi na mitano na ningepata kiumbe cha kunisomea karatasi ya wenzangu kwenye hesabu, mfupa ule ningeufunga kwenye leso na kulala nao chini ya mto.

Sasa nije kwenye sehemu niliyoirudia kusoma. Kuna sherehe nyumbani kwa mwanafunzi mmoja. Emily amemwandaa Anya kama anavyoandaliwa bibi harusi, Sean amemkaribisha, ndoto iko mlangoni. Na ni mlangoni kweli: Anya anamkuta Elizabeth, yule mwenye kila kitu, amesimama nje ya chumba cha kulala analinda mlango. Ndani yuko Sean na msichana mwingine. Elizabeth anajua. Kazi yake pale ni kuhakikisha hakuna anayewakatiza.

Nilikifunga kitabu kwa muda kidogo. Hakuna mzimu kwenye tukio hilo, hakuna giza, hakuna kelele. Ni msichana mzuri aliyevaa vizuri, amesimama kwenye korido akijifanya hana haraka. Kitabu kizima Anya amekuwa akimhesabia Elizabeth vitu vyake: nywele, miguu, mvulana. Sasa anaona gharama ya kile kitu kimoja alichokuwa anakitamani kuliko vingine, na anaona kwamba mwenzake anailipa kila wiki bila risiti. Anya anaondoka. Hatoi hotuba. Na anayekasirika kwa kuondoka kwake si Sean wala Elizabeth, ni Emily. Hapo ndipo nywele zilinisimama. Sauti ileile ya upole, lakini sasa inauliza kwa nini umeacha kitu ambacho *mimi* nimekihangaikia.

Nilimtumia mpwa wangu ujumbe saa zile zile. Akanijibu kwa kucheka: "Umefika mlangoni, sio?"

Baada ya hapo Anya anaanza kufanya kile ambacho alipaswa kufanya na kimfupa kikiwa bado cha siku moja: anatafuta ukweli wa Emily kwenye magazeti ya zamani. Na ukweli si ule wa kisimani. Hakukuwa na muuaji aliyewavamia. Kulikuwa na kijana ambaye Emily alimpenda, kijana akampenda mwingine, na Emily akawaua wote wawili kwa moto. Kisimani alitumbukia akikimbia. Kwa hiyo yule rafiki aliyekuwa anamsukuma Anya kwa Sean kwa nguvu zote alikuwa anamalizia kesi yake mwenyewe kwa kutumia mwili wa mtu mwingine.

Hapo ndipo kitabu kinapogeuka kuwa cha kutisha cha kawaida zaidi, mzimu mwenye hasira, familia iko hatarini, na siwezi kusema ni sehemu niliyoipenda kuliko zote. Imefanywa vizuri, ila nimeshaona mizimu yenye hasira. Mzimu anayekusaidia mtihani sikuwahi kumwona.

Kuhusu michoro. Kitabu chote kina rangi moja tu juu ya nyeusi na nyeupe, zambarau iliyofifia kuelekea bluu, ya mchana na ya usiku ni hiyohiyo. Mwanzoni nilidhani ni njia ya kupunguza gharama za uchapishaji. Nikiwa katikati nikaona inavyofanya kazi: kila kitu kina kivuli, kuta, sketi ya shule, uso wa mama, isipokuwa Emily. Yeye ni mweupe. Weupe wake ni weupe wa karatasi. Kwenye kisanduku cha mchoro chenye watu watano, jicho linamwendea mtu ambaye wino haujamgusa.

Na nyuso! Brosgol kabla ya kitabu hiki alikuwa akichora visanduku vya maandalizi ya filamu katika Laika, studio ya filamu za vikaragosi, na ni miongoni mwa waliofanya kazi kwenye filamu ya *Coraline* ya mwaka 2009. Kazi hiyo ni kuchora filamu nzima kwenye karatasi kabla haijatengenezwa, ili watu wote waelewe nani amesimama wapi na anafikiri nini, bila maelezo marefu. Inaonekana. Anya akikereka, kope zinashuka nusu na bega moja linalegea, basi, umeshajua. Kuna kurasa ambazo viputo vya maneno vimekauka kabisa na hadithi inasonga kwa macho tu. Nilijikuta nazipita haraka, kisha narudi nyuma kuangalia nimeelezwaje jambo ambalo halikusemwa.

Halafu kuna suala la kufunua ukurasa. Filamu ya kutisha inakuamulia muda. Wao ndio wanaojua mlango utafunguka lini, na kazi yako ni kuziba macho. Kwenye katuni mlango unaufungua wewe. Kisanduku cha mwisho chini kulia kinakuachia mtu anageuza shingo, na jibu liko upande wa pili wa karatasi, na karatasi iko chini ya kidole chako gumba. Mara mbili hivi nilikwenda kunywa maji kwanza.

Lakini kitu kilichonifanya niandike haya yote si Emily. Ni Dima.

Dima ni mvulana wa Kirusi katika shule hiyohiyo. Yeye kahamia juzi. Ni mdogo wa umbo, mwenye akili za vitabu, lafudhi bado ipo, na wanafunzi wanamcheka. Mama yake Anya anadhani ni jambo zuri sana kwamba kuna mtoto wa kwao pale shuleni, si awe rafiki yake? Anya anamkwepa kama deni. Hamchukii. Anaogopa kusimama karibu naye, maana wakisimama wawili watu wataanza kuona yanayofanana.

Nilipokuwa kidato cha pili tulihama, nikaingia shule mpya katikati ya mwaka. Lafudhi yangu ilikuwa ya tulikotoka. Kila nikiulizwa swali darasani, kulikuwa na sauti nyuma inarudia jibu langu kwa kuvuta maneno, na darasa linakatika mbavu. Katika darasa hilohilo kulikuwa na kijana ambaye familia yake ilitoka tulikotoka sisi. Nilijua kwa sababu mama zetu walijuana. Alikuwa amefika miaka mitatu kabla yangu na alishajifunza kuongea kama wenyeji, huwezi kumtofautisha. Nilimfuata siku ya kwanza wakati wa mapumziko nikamsalimia kwa namna tunavyosalimiana kwetu. Aliniitikia kwa namna ya pale, akatazama kushoto na kulia, akasema ana haraka. Hakuwa na haraka. Alikwenda kusimama karibu na ukuta, peke yake, akanipa mgongo.

Miaka mingi nimekuwa na jibu langu kuhusu yule jamaa, na si jibu la kuandika hapa.

Sasa, vitabu vyote vya vijana wapweke nilivyowahi kusoma vinanikaribisha niwe mhusika mkuu. Njoo, wewe ndiye huyu, hawa wengine ndio wabaya. Hiki kilinipa nafasi yangu halisi, ambayo ni ndogo: mimi ni yule mtoto mwenye lafudhi anayepita kwenye visanduku kadhaa na kusalimia bila kuitikiwa vizuri. Na kwa kuwa hadithi ni ya Anya, nililazimika kukaa ndani ya kichwa cha aliyenipa mgongo. Nikaona hesabu zake. Miaka ya kujifunza kuongea upya, kula kidogo, kucheka panapochekwa, halafu siku moja anatokea mtu kutoka nyumbani, anatabasamu, na kwa salamu moja anaweza kuyabomoa yote. Mtu huyo nisingemkimbia? Sijui. Siobhan angalau ni mpweke wa aina yake mwenyewe, hambebeshi Anya kitu. Dima anambebesha Urusi nzima.

Brosgol mwenyewe alizaliwa Moscow mwaka 1984 na kuhamia Marekani akiwa na miaka mitano, nadhani ndiyo maana sehemu hii haijapakwa sukari. Mtu wa nje angemfanya Dima awe wa kuhurumiwa mwanzo mwisho. Hapa Dima anakera kidogo, jinsi mtu mwema asiyejua kusoma hali anavyokera. Nami nilikuwa nakera. Nilikuwa namsalimia yule jamaa kila siku.

Na ukiangalia vizuri, Anya amefanya biashara ya ajabu. Amekataa urafiki wa kijana hai mwenye jasho na lafudhi, akaupokea wa marehemu, kwa kuwa marehemu haonekani na wengine. Hakuna atakayesema "nyie mnafanana." Rafiki wa kuweka begini.

Kwa upande wa kasoro, ninazo chache. Utafiti wa maktaba unakwenda haraka mno. Siri iliyozikwa miaka 90 inafukuliwa kwa urahisi ambao mimi sijawahi kuupata hata nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa. Sean ni mtupu, ingawa mpwa wangu anasema hiyo ndiyo maana yake. Na Siobhan angestahili kurasa zaidi. Kila alipotokea na ulimi wake nilitamani abaki.

Tunabishana pia kuhusu Emily. Mpwa wangu anamhurumia. Anasema miaka 90 kwenye shimo, peke yako, ukijisimulia uongo wako mpaka unauamini, ni adhabu tosha, na kwamba Emily alipomwona Anya alifurahi kweli. Mimi nasema furaha yake ndiyo hatari yenyewe. Nilimuuliza, kama ungekuwa wewe ungeuchukua ule mfupa? Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kuna mtihani wa fizikia?"

Kwa wazazi wanaotaka kujua kabla hawajanunua: kuna sigara, kuna matusi madogo madogo, kuna ile sherehe na kile chumba, ambacho ndani yake hatuoneshwi kitu. Damu ni kidogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayesoma bila shida atakimaliza kwa jioni moja, kurasa ni mia mbili na kitu na maneno si mengi. Aliye mdogo zaidi ya hapo, kaa naye wakati familia ya Anya inapoingia matatani.

Mpwa wangu ameshaniletea kinachofuata: *Be Prepared*, cha Brosgol huyohuyo, cha mwaka 2018, kuhusu kambi ya likizo ya watoto wa Kirusi huko Marekani, kimetokana na utoto wake mwenyewe. Nimeuliza kama kuna mzimu. Ananiambia hakuna, ila kuna choo cha shimo ambacho Emily mwenyewe asingekubali kuishi ndani yake.